Kesi ya Jino Katika Nchi ya Ithibati

Namna nilivyofika Ithibati si jambo la kumchosha mtu. Nchi ile haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake wenyewe hawajakubaliana kama ipo. Nitasema tu kwamba nilikwenda kwa hiari yangu, baada ya kustaafu kazi ya ukalimani wa mahakama, na kwamba siku ile ile niliyovuka mpaka gego langu la chini, upande wa kushoto, lilianza kuniuma.

Askari wa mpakani hakuniuliza nimetoka wapi wala nimebeba nini. Aliniuliza, "Wewe ni mwili wenye fahamu, au ni fahamu yenye mwili?"

"Mimi ni Sefu Mhina," nikamjibu, "na ninaumwa jino."

Akanitazama juu hadi chini. Kisha akamgeukia mwenzake, akamnong'oneza, "Hajaamua." Yule mwenzake akavua kofia.

Heshima ile sikuielewa mpaka baadaye. Katika Ithibati kila mtu huamua. Mtoto akishajua kusema hupelekwa mbele ya jamaa zake na kuulizwa swali lile nililoulizwa mimi, na jibu lake ndilo litakaloeleza ataishi mtaa gani, atasoma wapi, na atatibiwa na nani. Wapo watu wa Udongo. Hao husema mwanzo wa yote ni kitu: jiwe, maji, mfupa, na akili ni moshi tu utokao katika jiko la ubongo. Na wapo watu wa Fahamu, ambao husema mwanzo wa yote ni kujua, na jiwe si chochote ila ni wazo lililoganda kwa sababu hakuna aliyejisumbua kulibadilisha. Katiba yao inaanza kwa maneno "Msingi wa yote ni," kisha pana nafasi tupu. Waasisi waligombana hapo hapo, wakaamua kuendelea na vifungu vingine huku wakisubiri muafaka. Wajukuu wao bado wanasubiri.

Nilizunguka mitaa yote miwili nikiwa nimeshika shavu. Kwa watu wa Udongo, kusema "nafikiri" ni utovu wa adabu. Mtu husema, "Ubongo wangu umetoa jambo." Nilimsikia kijana mmoja akimtongoza msichana dukani: "Mapigo yangu ya moyo yamepanda, na uchunguzi unaonyesha chanzo ni wewe." Msichana akaona haya, akamwambia hata yeye viganja vyake vimetoa jasho. Msibani, waliofika kuhani walimshika mjane mkono na kumwambia, "Mpangilio wake umevurugika." Mjane akajibu, "Ndivyo ulivyo mpangilio."

Kwa watu wa Fahamu, mtu akijikwaa hujilaumu mwenyewe kwa kuliwazia jiwe mahali pabaya. Niliona mwizi wa kuku akijitetea kwamba alipomchukua yule kuku, mwenye kuku alikuwa anafikiria mambo mengine, kwa hiyo kuku wakati ule hakuwa wa mtu. Hoja ikakubaliwa. Mwizi akaachiwa, akatoka nje, akakuta viatu vyake havipo mlangoni.

Nilipata chumba kwa mwanamke aitwaye Bi Ramla, kwenye uchochoro unaopita katikati ya mitaa miwili. Alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, mwenye mikono ya kazi na uso wa mtu asiyependa maneno mengi. Aliponifungulia mlango akaliona shavu langu limevimba.

"Pole," akasema.

Kisha akaziba mdomo na kuchungulia nje, huku na huku.

Ndipo nikajua kwamba tangu nifike nchi ile hakuna aliyewahi kunipa pole. Bi Ramla akanieleza kwa nini. Ukimpa mtu pole umeshahukumu kwamba maumivu yake yapo, na kabla hujasema yapo sharti uthibitishe yapo wapi: kwenye jino, au kwenye nafsi ya mwenye jino. Asiyethibitisha ametoa ushahidi wa uongo. Akaniingiza ndani, akatoa karafuu kutoka kwenye pindo la kanga yake, akaniambia niiweke juu ya jino na niume taratibu.

"Nayo hii ni marufuku," akasema. "Inatuliza, hilo wanakubali wote. Ila hawajakubaliana inatulizaje."

Karafuu ilinisaidia mpaka asubuhi. Kulipokucha maumivu yakarudi na ndugu zake, nikaenda kutafuta tiba.

Nilianza hospitali ya Udongo. Daktari wake, jina lake Tindwa, alikuwa mwembamba, safi, mwenye vidole baridi. Akanimulika, akanigonga, akanipiga picha za taya kwa mashine inayovuma kama mzinga. Kisha akakaa.

"Jino ni zima," akasema. "Halina tundu, halina ufa. Kwa hiyo huumwi."

"Daktari, ninaumwa."

"Nani anaumwa?"

"Mimi."

"Tumekuchunguza mataya yote mawili," akasema kwa upole, "na huyo mimi hatukumwona."

Nikavuka kwenda nyumba ya tiba ya Fahamu. Huko hawana madaktari, wana Watambuzi, na mkubwa wao alikuwa Mtambuzi Rehani, mama mwenye sauti ya asali na kilemba cheupe. Hakunifungua kinywa. Aliniketisha juu ya mkeka, akafumba macho.

"Jino ni wazo," akasema. "Wazo lako limechoka kuwa jino. Liruhusu."

Nikaliruhusu. Nikaliruhusu tena. Likauma hadi sikioni.

"Haliondoki, Mtambuzi."

"Kwa sababu unaling'ang'ania. Hebu jiulize, unafaidika nini kwa kuumwa?"

Nikamwambia sioni faida. Akasema hilo ndilo tatizo lenyewe, nirudi nitakapoiona.

Wakati natoka, nilikuta watu mlangoni. Habari za askari wa mpakani zilikuwa zimefika: yuko mgeni ambaye hajaamua, na anaumwa. Daktari Tindwa alikuwepo, amekuja mbio akiwa bado amevaa glavu. Mtambuzi Rehani akatoka nyuma yangu. Wakatazamana juu ya kichwa changu kama wanunuzi wawili wanaotaka mbuzi mmoja.

Inafaa nieleze. Kwa muda wote wa mgogoro wao hawakuwahi kupata shahidi. Mtu wa Udongo akisema anaumwa, Fahamu husema ametumwa na chama chake. Na mtu wa Fahamu akisema amepona, Udongo husema vivyo hivyo. Walichokikosa ni maumivu yasiyo na upande. Sasa yalikuwa yamejileta yenyewe, kwa miguu, mpaka mlangoni.

Siku ile ile Jaji Mkuu alitoa amri. Jino langu likawekwa chini ya ulinzi. Askari wawili, mmoja wa kila upande, walikaa mlangoni kwa Bi Ramla kuhakikisha kwamba halitibiwi, halitulizwi, wala halitafuniwi kitu, ushahidi usije ukaharibika. Nikawa naishi kwa maji ya vuguvugu. Watu walikuja kunitazama dirishani. Wengine walileta watoto. Nikiguna kwa maumivu, walishangilia.

"Lini nitatibiwa?" nikamuuliza Jaji Mkuu alipokuja kunikagua. Aliitwa Kiambo, mzee mwenye tumbo la heshima na macho ya usingizi.

"Baada ya hukumu."

"Lakini jino ni langu."

"Shahidi hana kauli juu ya jino lake," akasema, "mpaka ijulikane ni la nani."

Alipoondoka, Bi Ramla aliniletea maji. Askari walikuwa wanabishana nje kama zamu yao imeanza au wanaiwazia tu. Akasimama badala ya kuondoka.

"Baba," akasema, "njoo nikuonyeshe kitu."

Akanipeleka chumba cha uani ambacho sikuwahi kukiona kimefunguliwa. Kitandani alilala bibi kizee, mwembamba kama kuti, nywele zake zimesukwa vizuri, shuka lake jeupe. Macho yalikuwa yamefumba. Alikuwa akipumua.

"Mama yangu huyu. Bi Sikitu. Kiharusi kilimpiga akiwa anapepeta mchele. Hasemi, hafumbui macho, hajigeuzi. Namgeuza mimi."

"Pole sana, Bi Ramla."

"Asante." Akapokea ile pole kama mtu anayepokea maji safarini. "Sasa sikiliza. Udongo wanasema mashine ikiharibika isitengenezeke, irudishwe ardhini. Fahamu wanasema mwenyewe keshahama, lililobaki ni vazi, na vazi likikosa mwenyewe linazikwa. Maisha yao yote hawajapatana jambo isipokuwa hilo. Wote wanataka mama yangu azikwe."

"Akiwa anapumua?"

"Akiwa anapumua. Kinachomlinda ni Sheria ya Kusubiri: maadamu msingi haujaamuliwa, kila chenye mgogoro kibaki kilivyo. Kesi ikiisha tu, iishe kwa huyu au kwa yule, watakuja."

Nikamtazama yule bibi. Nikajitazama mimi, na taya langu linalopwita.

"Bi Ramla, mimi ninaumwa," nikasema, na nilisikia sauti yangu ina hasira. "Sijalala. Nataka waamue hata kwa kurusha shilingi, mradi waling'oe."

"Najua."

"Basi unaniomba nini? Niseme uongo?"

"Sikuombi kitu. Ningekuomba ningekuwa mwizi, nakuona unavyoteseka." Akaliweka shuka sawa begani kwa mama yake. "Nimeona tu si vizuri ukasimama mle mahakamani hujui."

Nilirudi chumbani kwangu nimeudhika mno. Ingekuwa rahisi zaidi kama angeniomba, maana ombi mtu huweza kulikataa.

Kesi ikafika. Mahakama ya Ithibati ina milango miwili na paa moja, na Jaji hukaa katikati. Pembeni yake hukaa mtu mwenye kengele. Nilidhani ni mapambo, kumbe ni sheria: Jaji akisinzia, Udongo humhesabu yupo na Fahamu humhesabu hayupo, na akidi inavurugika. Kengele ile ililia mara nyingi.

Daktari Tindwa alisimama kwanza. "Jambo ni jepesi. Ling'olewe. Maumivu yakikoma, yalikuwa ndani ya jino. Kitu kimeondoka, na kilichokuwa ndani ya kitu kimeondoka nacho."

"Napinga," akasema Mtambuzi Rehani. "Atajua limeng'olewa. Kujua kwake ndiko kutakakomponya. Mimi nasema aambiwe limeng'olewa, na lisiguswe."

"Atalipapasa kwa ulimi!"

"Basi na ulimi utiwe ganzi."

Ukumbi ukapiga makofi. Wakabishana mpaka kanzu zao zikalowa jasho. Mwishoni wakapatana, na mapatano yao ndiyo yaliyonitia hofu kuliko ugomvi wao wote: nifungwe macho, kinywa chote kitiwe ganzi, na ling'olewe ama jino linaloniuma ama lile zima la jirani yake. Lipi, atajua Jaji peke yake. Ganzi ikiisha niulizwe kama ninaumwa. Jibu langu likilinganishwa na alichokijua Jaji, litatoa msingi wa yote.

"Mheshimiwa," nikasema, "mnataka kuning'oa jino zima?"

"Huenda," akasema Jaji.

"Na linaloniuma mliache?"

"Huenda. Usijali, hutajua."

Nikashikwa mikono, nikafungwa kitambaa. Yaliyofuata niliyasikia kwa masikio tu: koleo kugonga sahani, Tindwa akivuta pumzi, Rehani akimwambia avute kwa moyo mweupe, kitu kikivunjika kama kijiti kikavu mbali sana ndani ya kichwa changu. Nikakalishwa kitini, kitambaa kikaondolewa.

Ganzi ilikuwa inaisha kidogo kidogo. Ukumbi umejaa hadi madirishani. Nikamwona Bi Ramla amesimama nyuma kabisa karibu na nguzo. Hakunipungia mkono wala hakunikonyeza. Alikuwa anatazama sakafu, kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe.

Hisia zikanirudia, mdomo kwanza, halafu ulimi, halafu taya. Na nilijua. Nasema nilijua waziwazi kama naumwa au siumwi, kwa sababu hilo ni jambo ambalo mtu halihitaji kulitafuta. Nilishangaa jinsi lilivyokuwa dogo. Taifa zima limeinamisha shingo kulisikia, na mwenyewe ninalo mdomoni kama punje.

"Shahidi," akasema Jaji Kiambo, na kwa mara ya kwanza macho yake yalikuwa wazi kabisa, "bado unaumwa?"

Ningemwambia ndiyo, upande mmoja ungeinuka na majembe kumwendea Bi Sikitu. Ningemwambia hapana, ungeinuka mwingine. Nilifungua kinywa bila kujua kitatoka nini. Siku zote zile nilikuwa sijala.

"Mheshimiwa," nikasema, "nina njaa."

"Hukuulizwa hilo," akasema Jaji.

"Najua. Lakini ndilo lililopo. Nina njaa."

Daktari Tindwa alikuwa wa kwanza kuruka. "Isikilizwe! Njaa ni tumbo tupu! Hakuna ushahidi ulio wazi kama huu, tumbo ni kitu!"

"Tumbo tupu!" akapaza sauti Mtambuzi Rehani, na asali yote imemtoka kooni. "Nani amewahi kushika utupu? Utupu si kitu! Anayeujua ni nani kama si fahamu?"

"Mfu ana tumbo tupu, mbona haoni njaa?"

"Umenisaidia! Ahsante! Waandishi, amenisaidia!"

"Sijakusaidia, nimekosea mfano!"

Watu wakapanda juu ya viti. Mzee mmoja wa Udongo alimshika kilemba mzee wa Fahamu, na yule wa Fahamu akapiga kelele kwamba anaumia, na wote wawili wakaduwaa wakitafakari athari za kauli ile. Jaji aligonga meza mpaka nyundo ikakatika. Akatangaza kwamba jino ni suala finyu, ambalo haliwezi kuamuliwa kabla ya suala pana lililoibuka. Kwamba Kesi ya Jino inasimama, na Kesi ya Njaa inafunguliwa. Na kwamba pande zote zipewe muda wa kutosha wa kuandaa hoja, ikiwezekana kizazi kimoja.

Kisha akanielekezea kidole. "Na njaa ya shahidi iwekwe chini ya ulinzi. Asile kitu mpaka hukumu."

Askari wawili wakanisogelea, mmoja kulia, mmoja kushoto. Nikaanza kuhesabu ni siku ngapi mtu huchukua kuondoka duniani akiwa kielelezo.

Hapo kengele ikalia. Nilidhani Jaji amesinzia tena, lakini hapana. Ilikuwa kengele ya chakula cha mchana.

Sijapata kuona umoja kama ule. Udongo na Fahamu waliinuka kwa pamoja, bila hoja na bila pingamizi. Jaji alikuwa wa kwanza kuufikia mlango. Daktari Tindwa akamkumbusha Mtambuzi Rehani kwamba leo kuna pilau, na Mtambuzi Rehani akamwambia amemwona mpishi asubuhi akikaanga vitunguu. Askari wangu walitazamana, wakaniangalia, wakatazamana tena. "Tutamkuta," akasema mmoja, wakakimbia.

Ukumbi ukabaki mtupu. Nikatoka kwa mlango mmojawapo, sikuangalia ni upi.

Bi Ramla alikuwa amenitangulia nyumbani. Nilikuta wali mlaini wa nazi na mchuzi wa maboga umefunikwa mezani, nikala kwa upande wa kulia wa kinywa mpaka sufuria ikaonyesha chini. Hakunisemesha nikila. Nilipomaliza akauliza, kwa sauti ya kawaida ambayo mtu humuulizia jirani yake, "Lakini kweli, linauma bado?"

Nilimjibu. Ni yeye peke yake aliyeuliza kwa sababu alitaka kujua hali yangu, na jibu lile nimemwachia yeye.

"Lazima uondoke kabla hawajamaliza pilau," akasema. "Ila mama hajala. Nisubiri kidogo nikusindikize."

"Nitamlisha mimi," nikasema, "we nifungie mzigo wangu."

Akaniangalia, kisha akanipa bakuli la uji na kijiko cha mti. Nikaingia chumba cha uani, nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikamwinua Bi Sikitu kichwa kama nilivyomwona binti yake akifanya. Nikamgusisha kijiko mdomoni. Mdomo ukafunguka kidogo, uji ukaingia, koo likameza. Uso haukubadilika. Nikampa tena, akameza. Cha tatu alikiuma. Meno machache aliyobakiwa nayo yalikishika kile kijiko, nikavuta, hakikutoka. Nikavuta kwa nguvu kidogo, nikaogopa nitamwumiza.

"Bi Ramla! Amekikamata!"

"Ndivyo anavyofanya," akajibu kutoka chumba cha pili, akikunja nguo zangu. "Ni mtundu huyo tangu zamani. Mwambie akiachie."

"Nimwambie?"

"Mwambie, mgeni ana safari."

Nikamwinamia sikioni. Nikajisikia mjinga, kisha nikaacha kujisikia mjinga. "Shikamoo, mama," nikasema. "Naomba uniachie kijiko. Nina safari."

Alikishikilia kidogo zaidi. Halafu taya likalegea, na kijiko kikatoka.

Mlango ulikuwa wazi, na nje mitaa yote miwili ilikuwa kimya, watu wamo mezani. Ningeweza kwenda kuwaita waje waone kwamba amesikia. Nikachota uji mwingine, nikaupuliza, nikampa.